Jean de Heinzelin, mtu aliyeupa ulimwengu mfupa wa hesabu wa Ishango

BUKAVU – Katika soko la Nyawera, komini ya Ibanda, mama anayeuza nyanya anajua jambo ambalo walimu wa hesabu hutumia saa nzima kulieleza darasani. Akiwa na nyanya 12, anazipanga apendavyo: mafungu mawili ya sita, matatu ya nne, manne ya tatu, au sita ya mbili mbili. Ikiongezeka moja tu zikawa 13, mpango wote unavunjika. Mafungu hayalingani tena. Itabidi auze zote pamoja, au moja moja, ama atoe moja iwe nyongeza ya mteja.

Namba kama 13 huitwa namba tasa. Vitabu vya shule vya Kifaransa huziita namba za kwanza. Ni zile zinazozidi moja na ambazo hazigawanyiki sawasawa ila kwa moja na kwa zenyewe: 2, 3, 5, 7, 11, 13, 17, 19, na kuendelea bila mwisho.

Zaidi ya kilomita 250 kaskazini mwa Nyawera, pale ambapo mto Semliki unatoka katika Ziwa Edouard, mfupa mdogo ulifukuliwa mwaka 1950. Upande wake mmoja ulikuwa na mikato iliyochongwa kwa vikundi vinne: 11, 13, 17 na 19. Aliyeufukua alikuwa Mbelgiji, Jean de Heinzelin de Braucourt. Alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kuusoma udongo wa Afrika, lakini jina lake linakumbukwa kwa kitu kinachoenea katika kiganja cha mkono. Swali aliloliacha bado liko wazi: je, watu wa Ishango walizijua namba tasa, au ni sisi tunaozijua ndio tunaziona pale?

Msomaji wa udongo

De Heinzelin alizaliwa tarehe 6 Agosti 1920 nchini Ubelgiji. Alikuwa na umri wa miaka 19 majeshi ya Ujerumani yalipoivamia nchi yake mwezi Mei 1940, na ujana wake ukapita chini ya vita. Kazi aliyoichagua ilikuwa jiolojia, yaani elimu ya miamba na udongo. Alifanya kazi katika Taasisi ya Kifalme ya Sayansi Asilia mjini Brussels, na baadaye akafundisha katika vyuo vikuu vya Ghent na Brussels.

Mtaalamu wa namna hiyo husoma ardhi kama mtu anavyosoma kitabu, ila kitabu hiki huanza chini na kumalizikia juu. Tabaka la mchanga huonyesha kwamba hapa palikuwa ufuko. Tabaka la magamba ya konokono huonyesha kwamba maji yalipanda. Tabaka la majivu huonyesha kwamba volkeno ililipuka. Wakaaji wa Kivu, wanaoishi na Nyiragongo na Nyamulagira karibu, hawahitaji kuelezwa sana kwamba mlipuko mmoja unaweza kufunika kijiji na kukihifadhi kwa wakati mmoja.

Mwaka 1950 Kongo ilikuwa koloni la Ubelgiji. Bukavu uliitwa Costermansville na ulikuwa makao makuu ya jimbo lote la Kivu, likiwemo eneo ambalo leo ni Kivu ya Kaskazini. Ishango ilikuwa ndani ya mbuga ya taifa iliyoanzishwa mwaka 1925 kwa jina la mfalme Albert, ambayo leo ni Virunga. Kwa maneno mengine, mahali ambapo mfupa ulifukuliwa palitawaliwa kutoka mji ambao Nyawera ni mtaa wake.

De Heinzelin hakuwa wa kwanza kufika pale. Mwaka 1935 Mbelgiji mwingine, Hubert Damas, aliyekuwa akichunguza maji na viumbe vya ziwa, alikuwa ameokota vyusa vya mfupa katika eneo hilo. Chusa ni mkuki wa kuvulia samaki wenye meno ya kurudi nyuma, ili samaki akishachomwa asiponyoke. Taarifa hizo ndizo zilizofungua njia ya uchimbaji wa mwaka 1950.

Kijiji cha wavuvi

Kilichotokea ardhini kilikuwa picha ya watu walioishi kando ya maji. Kulikuwa na vyusa vingi, vingine vyenye meno pande mbili, vingine upande mmoja tu. Kulikuwa na mifupa ya samaki na ya wanyama waliowindwa, mawe ya kusagia na vifaa vya kukatia. Watu hao walivua, waliwinda, walikusanya chakula na kukirudisha nyumbani. Juu ya maisha yao yalikuwepo majivu ya volkeno.

Kwa kufuata matabaka, de Heinzelin aliona jinsi vyusa vilivyobadilika: vya zamani vilikuwa na meno pande mbili, vya baadaye upande mmoja. Alilinganisha na vyusa vilivyopatikana mbali kaskazini, mpaka karibu na Khartoum, na akaamini kwamba ufundi huo ulisafiri kufuata mto. Njia ilikuwepo. Maji ya Semliki huingia Ziwa Albert, kisha huungana na Nile, hupita Sudan na kufika Misri. Maji ya Ziwa Kivu yanayoonekana kutoka Bukavu hufuata njia nyingine: hushuka kwa Ruzizi hadi Tanganyika.

Kati ya vitu hivyo vyote kilikuwemo kipini cha mfupa chenye urefu wa karibu sentimita 10. Kwenye ncha yake kilikuwa kimepachikwa kipande kidogo cha jiwe gumu la kwatzi, kama kifaa cha kuchorea au kuchanjia. Kilichomshangaza de Heinzelin ni mwili wa mfupa. Ulikuwa na mikato mifupi, sambamba, iliyopangwa kwa vikundi katika safu tatu.

Namba zilizo kwenye mfupa

Safu ya kwanza ina vikundi vinne vya mikato: 11, 13, 17 na 19.

Safu ya pili nayo ina vinne: 11, 21, 19 na 9.

Safu ya tatu, ya katikati, ina vinane: 3, 6, 4, 8, 10, 5, 5 na 7. Baadhi ya waliohesabu baadaye wanaona tisa pale wengine wanapoona kumi, kwa sababu mfupa umechakaa.

De Heinzelin alizitazama namba hizo kama mtu anayetazama matabaka. Safu ya katikati ilimwonyesha kuzidisha mara mbili: 3 na 6, kisha 4 na 8, kisha 10 na 5 kwa kurudi nyuma. Safu ya pili ilimwonyesha namba zinazozunguka 10 na 20: 11 ni 10 na moja, 21 ni 20 na moja, 19 ni 20 kasoro moja, 9 ni 10 kasoro moja. Na safu ya kwanza ilikuwa na namba tasa zote zilizopo kati ya 10 na 20, kwa mpangilio, bila kuruka hata moja.

Kisha kuna jumla. Safu ya kwanza ni 60. Safu ya pili ni 60. Safu ya katikati ni 48. Zote mbili, 60 na 48, hugawanyika kwa 12.

Alichapisha matokeo ya uchimbaji kwa kirefu mwaka 1957, katika mfululizo wa vitabu vya utafiti wa mbuga ya Albert. Miaka mitano baadaye, mwezi Juni 1962, aliandika makala kuhusu Ishango katika jarida la Marekani la Scientific American. Kongo ilikuwa huru kwa miaka miwili tu na habari zake nyingi duniani zilikuwa za vita na migawanyiko. Makala ile ilieleza kitu tofauti: kwamba kando ya ziwa la Kongo, zamani sana, huenda watu walicheza na namba. Hoja yake ilikuwa kwamba mikato ile inaweza kuwa mchezo wa hesabu wa watu waliohesabu kwa kumi, waliojua kuzidisha mara mbili na waliozitambua namba tasa. Aliona vigumu kuamini kwamba mpangilio ule wote ulitokea kwa bahati.

Alikwenda mbali zaidi. Wamisri wa kale walizidisha namba kwa kurudia mara mbili, na yeye akaona mfanano na safu ya katikati. Akapendekeza kwamba ujuzi wa namba, kama vile vyusa, ulishuka na Nile hadi Misri, na kutoka Misri ukafika kwa Wayunani. Kwa wasomaji wengi wa Afrika hilo lilikuwa neno zito: mwanzo wa hesabu ungekuwa Kivu.

Kupima safu ya kwanza

Uzito wa dai la de Heinzelin unaweza kuonekana kwa kipimo ambacho mwanafunzi yeyote wa sekondari anaweza kukifanya kwa kalamu.

Kila namba inayozidi moja ama ni tasa, ama ni zao la namba tasa zilizozidishwa pamoja. Hizo huitwa vigawo tasa vyake. Namba 6 ni 2 mara 3. Namba 9 ni 3 mara 3. Namba 21 ni 3 mara 7. Sasa badala ya kuvizidisha, vijumlishwe. Namba 6 inakuwa 5. Namba 9 inakuwa 6. Namba 21 inakuwa 10. Namba 8, ambayo ni 2 mara 2 mara 2, inakuwa 6. Ukianzia 2 na kuendelea, mfuatano wa majibu ni 2, 3, 4, 5, 5, 7, 6, 6, 7, 11, 7, 13. Namba tasa hujirudisha zenyewe bila kupungua. Nyingine zote hushuka, isipokuwa 4, kwa sababu 2 na 2 hutoa jibu moja ukizidisha au ukijumlisha.

Mfupa wa Ishango ukipitishwa katika kipimo hicho, safu ya kwanza haitikisiki: 11, 13, 17 na 19 zinabaki vilevile, na jumla inabaki 60. Safu ya pili inakuwa 11, 10, 19 na 6, na jumla yake inashuka kutoka 60 hadi 46. Safu ya katikati inashuka kutoka 48 hadi 42. Kwa hiyo safu ya kwanza ni tofauti kweli na nyingine mbili. De Heinzelin hakuona kivuli.

Lakini kipimo hicho hicho kinafundisha tahadhari. Kati ya 10 na 20 namba witiri, yaani zisizogawanyika kwa mbili, ni tano tu: 11, 13, 15, 17 na 19. Mtu aliyetaka kuchonga namba nne tofauti kati ya hizo, kutoka ndogo hadi kubwa, angekuwa na njia tano tu za kuchagua, kila njia ikiacha namba moja. Mojawapo huiacha 15 na kutoa safu ya Ishango. Nafasi ya moja kwa tano si ndogo. Hakuna sokoni anayeshangaa kupata bahati ya namna hiyo.

Tena namba zina tabia ya kutengeneza mipangilio bila kutumwa na mtu. Mfano unaojulikana sana ulitokea Marekani mwaka 1974, katika mchezo wa besiboli. Rekodi ya mchezaji Babe Ruth ilikuwa mipigo 714, na Hank Aaron akaivuka kwa kufikisha 715. Mwanahesabu Carl Pomerance na wenzake waligundua kwamba vigawo tasa vya 714, yaani 2, 3, 7 na 17, vinatoa jumla ya 29, na vya 715, yaani 5, 11 na 13, navyo vinatoa 29. Zaidi ya hapo, vyote kwa pamoja ni namba tasa saba za kwanza, kila moja mara moja. Hakuna mchezaji aliyepanga hayo. Mpangilio ulikuwepo katika namba zenyewe, ukingoja mtu wa kuuona.

Waliompinga

Katika miaka ya 1970 Mmarekani Alexander Marshack aliuchunguza mfupa kwa darubini na kuusoma tofauti kabisa. Kwake mikato ilikuwa kalenda ya mwezi. Mwezi wa angani huchukua karibu siku 29 na nusu, hivyo 60 inakaribia miezi miwili, na 48 inakaribia mwezi mmoja na nusu. Watu wanaoishi kwa kuvua wana sababu ya kuhesabu usiku wa giza na usiku wa mbalamwezi, jambo ambalo wavuvi wa Ziwa Kivu bado wanalijua.

Wengine waliuliza swali gumu zaidi. Mwandishi Peter Rudman alisema kwamba namba tasa haiwezi kueleweka kabla ya kuelewa kugawanya, na kwamba hakuna dalili ya kugawanya katika wakati wa mbali namna hiyo. Mtu anaweza kuhesabu vitu 13 bila kujua kwamba 13 ina siri yoyote. Ushahidi wa maandishi kuhusu namba tasa unakuja baadaye sana, kwa Wayunani. Euclid alithibitisha karibu mwaka 300 kabla ya Kristo kwamba haziishi. Eratosthenes, aliyezaliwa Kirene katika Libya ya leo na kufanya kazi Alexandria, aliacha njia ya kuzichuja: andika namba zote, futa zinazogawanyika kwa 2, kisha kwa 3, kisha kwa 5, na kadhalika, zinazobaki ni tasa.

Wapo pia wanaosema kwamba mikato ilikuwa ya kuzuia mkono usiteleze, au pambo tu.

Kulikuwa na tatizo lingine, nalo lilihusu fani ya de Heinzelin mwenyewe: umri. Alikadiria kwamba mfupa ulikuwa wa kati ya miaka 9000 na 6500 kabla ya Kristo. Kupima umri wa vitu vya Ishango kulikuwa kugumu, kwa sababu viumbe vya ziwa vinaweza kubeba kaboni ya zamani iliyo majini, na kaboni hiyo hufanya kitu kionekane kizee kuliko kilivyo. Katika miaka ya 1980 watafiti walirudi Ishango, akiwemo Mmarekani Alison Brooks, na vipimo vipya vikaonyesha kwamba mahali pale ni pa kale zaidi: karibu miaka 20,000 iliyopita. Hesabu ya kwanza ilikuwa imepunguza umri kwa karibu nusu.

Habari hiyo ilikuwa na pande mbili. Kwa upande mmoja iliifanya Ishango kuwa ya ajabu zaidi. Baadaye, katika eneo la Katanda, kwenye bonde hilohilo la Semliki, Brooks na John Yellen walitangaza vyusa vya mfupa vinavyokadiriwa kuwa na miaka 90,000. Kwa upande mwingine, umri mpya uliidhoofisha njia ya Nile. Kati ya Ishango ya miaka 20,000 iliyopita na Misri ya mafarao kuna pengo la miaka isiyopungua 14,000. Si rahisi kuamini kwamba somo la hesabu lilipokezwa mdomo kwa mdomo kwa muda wote huo bila kuacha alama nyingine njiani.

Kazi iliyoendelea

De Heinzelin hakukaa Brussels kuulinda mfupa wake. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 alikuwa Nubia, upande wa Sudan, akisoma historia ya bonde la Nile kabla maji ya bwawa la Aswan hayajalifunika. Kuanzia mwisho wa miaka hiyo alikuwa kusini mwa Ethiopia, katika bonde la mto Omo, ambako timu za nchi kadhaa zilitafuta mabaki ya watu wa kale. Kazi yake ilikuwa kupanga matabaka, ili kila mfupa uliookotwa ujulikane ulitoka wapi na ni wa wakati gani. Kitabu kikubwa kuhusu tabaka za Omo kilitoka mwaka 1983.

Mwishoni mwa maisha yake alikuwa katika bonde la Awash, Ethiopia, mahali paitwapo Bouri. Huko yeye na wenzake walikuta mifupa ya wanyama yenye alama za kukatwa kwa mawe, ya miaka milioni 2.5 iliyopita. Ilikuwa miongoni mwa dalili za kale zaidi duniani za viumbe kutumia jiwe kuchuna nyama na kuvunja mfupa kwa ajili ya uboho. Kwa mara nyingine alikuwa mbele ya mikato kwenye mfupa, lakini safari hii hakuna aliyeuliza habari za hesabu. Swali lilikuwa moja: mkono ulifanya nini hapa? Makala ya kisayansi kuhusu Bouri, jina lake likiwa la kwanza katika orodha ya waandishi, ilitoka mwezi Aprili 1999.

Yeye hakuiona. Alifariki tarehe 4 Novemba 1998, akiwa na umri wa miaka 78.

Mfupa wa pili

Baada ya kifo chake habari nyingine ikajulikana. Katika miaka ya 1950 de Heinzelin alikuwa amepata Ishango mfupa wa pili wenye mikato. Kwa miaka karibu arobaini hakuutangaza kama alivyoutangaza wa kwanza. Ulionyeshwa kwa umma mjini Brussels mwaka 2007, kwa kazi ya Wabelgiji Vladimir Pletser na Dirk Huylebrouck. Una urefu wa karibu sentimita 14 na mikato 90 iliyogawanywa katika pande sita.

Pletser na Huylebrouck walikuwa tayari, mwaka 1999, wamependekeza usomaji mpya wa mfupa wa kwanza. Kwao namba tasa si jibu. Waliona watu waliohesabu kwa msingi wa 6 na wa 12, wakitaja kwamba makabila kadhaa ya Afrika yamehesabu kwa namna hiyo, na kwamba mtu anaweza kufika 12 kwa mkono mmoja akitumia kidole gumba kugusa vifundo vitatu vya kila kidole kati ya vinne vilivyobaki. Kwa usomaji huo, safu ya 11, 13, 17 na 19 ni namba zinazozizunguka 12 na 18, moja nyuma na moja mbele. Kuwa kwao tasa kunakuwa jambo lililofuata lenyewe.

Hoja hiyo inatumia wazo lilelile la de Heinzelin la kuongeza moja na kupunguza moja, ila inalihamisha kutoka safu ya pili hadi ya kwanza. Mfupa wa pili, kwa bahati mbaya, haukumaliza ubishi. Lakini ulionyesha jambo moja muhimu: wa kwanza haukuwa kitu cha peke yake. Watu wa Ishango walichonga mikato kwa vikundi zaidi ya mara moja. Palikuwa na desturi.

Urithi wake na deni lake

Mifupa yote miwili iko Ubelgiji. Wa kwanza umehifadhiwa katika jumba la makumbusho la taasisi ile ambamo de Heinzelin alifanya kazi, mjini Brussels. Mwaka 2022 Ubelgiji ilipitisha sheria inayoruhusu kurudisha vitu vilivyochukuliwa wakati wa ukoloni, lakini hadi leo mwanafunzi wa Beni, Goma au Bukavu anayetaka kuuona mfupa wa Ishango kwa macho anahitaji pasipoti na visa. Ishango yenyewe iko katika teritwari ya Beni, ndani ya Virunga, katika eneo ambalo vita vimewazuia watu wengi kufika.

De Heinzelin anastahili kukumbukwa kwa haki, bila kupunguza wala kuongeza. Aliufukua mfupa kwa uangalifu, akaandika tabaka ulimotoka, akahesabu mikato na kuichapisha ili wengine waihesabu tena. Kwa kuwa alifanya hivyo, wapinzani wake walipata mahali pa kumpingia. Alikosea umri. Huenda alizidisha aliposema habari za namba tasa na za njia ya kwenda Misri. Na mfupa wa pili aliuweka muda mrefu kuliko ilivyopasa.

Kwa Wakongomani jambo hili si la kumbukumbu tu. Katika mazungumzo na katika vitabu vingi mfupa wa Ishango hutajwa kama uthibitisho kwamba hesabu ilizaliwa Kongo. Heshima inayosimama juu ya dai lisilothibitishwa huanguka siku mtu mwingine anapoleta mfupa mzee zaidi, na upo tayari: mfupa wa Lebombo, uliopatikana katika milima ya mpaka wa Eswatini na Afrika Kusini, una mikato 29 na ni wa kale kuliko wa Ishango. Linalosimama bila shaka ni dogo zaidi na lina nguvu zaidi. Karibu miaka 20,000 iliyopita, kando ya Semliki, mtu alichonga mikato, akaihesabu, akaiweka kwa vikundi, akaacha nafasi kati ya kikundi na kikundi, na akafanya safu mbili tofauti zitoe jumla moja ya 60. Mtu huyo alikuwa na kitu cha kukumbuka na alijua jinsi ya kukiandika.

Kama aliona kwamba 13 haigawanyiki, hilo halijulikani. Lakini kama alikuwa na samaki 13 wa kugawia nyumba zilizomzunguka, bila shaka alikutana na tatizo lile lile linalomkuta mama wa Nyawera asubuhi kati ya mafungu yake: mmoja anabaki.